Mzee Fedha na Chokaa ya Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, huyu mliyezoea kumwita Mzee Fedha alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona nguo, akasoma hapa hapa mjini, akahitimu udaktari wa meno mwaka 1977, akapewa chumba cha pili cha kliniki, kile ambacho dirisha lake linatazama karakana ya baiskeli, na humo akaziba meno kwa zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, akiyasugua mpaka yang'ae, jina likamkaa.

Tarehe 12 Julai 1980 alimwoa muuguzi aliyekuwa akimkorogea mchanganyiko huo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1996 mdogo wake, naye daktari wa meno, alipewa chumba cha tatu, akaja na dawa nyeupe ya kuzibia, isiyo na zebaki, na hapo ndipo wivu ulipomwingia marehemu, maana wagonjwa walianza kuupita mlango wake wakiuliza, "Yule wa meno meupe yupo?" Akaiita dawa ile chokaa, akisema, "Baba alipaka ukutani, wewe unapaka mdomoni, subiri mvua," mdogo mtu akamjibu, "Mvua hainyeshi mdomoni, kaka, labda kwako unavyorusha mate ukikasirika," kliniki nzima ikacheka, yeye hakucheka.

Mataifa yalipokubaliana mwaka 2013 kupunguza zebaki, ambayo sumu yake huishia majini na kwenye samaki tunaowala, alisema mdogo wake ndiye aliyeyaroga.

Mwaka uliofuata binti yake mkubwa, akiwa mjamzito, alikuja na jino lililotoboka, akaketi kwenye kiti cha baba yake kama alivyozoea tangu utotoni, marehemu akashika chupa ya zebaki, akalitazama tumbo la mwanawe, akairudisha chupa kabatini, akamshika binti mkono hadi chumba cha tatu, akasema, "Mtie chokaa yako," akasimama pale mpaka kazi ikaisha, akaikagua kwa kioo kidogo, akakosa pa kulaumu, na wivu, tuseme kweli, ukazidi. Hata hivyo hakushika zebaki tena, akajifunza upya kwa mdogo wake, huku akinung'unika, hadi alipostaafu mwaka 2016.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, ukamshinda tarehe 9 Februari 2024. Miaka ya mwisho alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa mkono, tukadhani ni uzee, kumbe jino lake la mbele lilizibwa na mdogo wake, ambaye marehemu alimwendea kwa mlango wa nyuma kwa sharti asimwambie mtu, na ndugu huyo ameitunza siri hiyo hadi jana.

Familia inawashukuru madaktari wa moyo, majirani waliotupisha vyumba vyao, na kliniki nzima, chumba cha tatu kikitangulia.

Pumzika kwa amani, Mzee Fedha, toa mkono mdomoni, chokaa haijabanduka.