Rafiki Yake Trela na Matuta ya Vitunguu

Pale Bugarama, barabara inapojikunja kuelekea sokoni, Mzee Sindayigaya huwasha jiko lake la mkaa ukungu ukiwa bado umelala migombani. Birika likianza kutoa mvuke, benchi hujaa. Huku mwisho, karibu na baiskeli zilizopinduliwa matairi juu, hukaa Ansbert, fundi baiskeli, wanayemwita Spoku kwa wembamba wake. Katikati hukaa Matiasi, jina la kijiweni Bunge, maana akishapewa nafasi ya kusema hairudishi. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Marcel, ambaye wao humwita Trela. Alikuwa dereva wa malori ya Rusumo mpaka macho yalipoanza kufifia na tajiri wake akamwambia akapumzike. Trela alikuwa ameficha mikono yote miwili mifukoni, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

Mikono ile ilikuwa na malengelenge, na hakutaka mtu ayaone. Mkewe, Deodata, aliteleza kisimani akavunjika mkono, wakamfunga hogo la plasta hospitalini. Trela akamwambia, “Pumzika, mama. Bustani niachie mimi.” Basi jana yake akachukua jembe kubwa, lile la kuvunjia ardhi mpya, akaingia kwenye matuta ya vitunguu kupalilia. Alipokuja kuinua uso, vitunguu vichanga vilikuwa vimelala juani pamoja na magugu, vimekatwa shingo. Deodata alitoka, akasimama, akatazama. Hakugomba. Alisema tu, “Ahsante, baba Irine, umejitahidi,” akarudi ndani. Ni heri angegombezwa. Ile ahsante Trela alilala nayo, akaamka nayo.

Sasa mtu mzima, aliyezaliwa na wakulima na kulelewa na wakulima, angeyasemaje haya mbele ya watu? Alikohoa.

— Nina rafiki yangu, alisema, macho barabarani. Dereva mwenzangu, yuko Biharamulo. Anataka kuanza bustani ya mboga, ananiuliza anunue vifaa gani vya kuanzia.

— Mtu mzima? aliuliza Spoku.

— Mtu mzima.

— Na hajui jembe?

— Maisha yake yote barabarani, bwana.

Spoku alicheka mpaka spana ikamdondoka.

— Mtu wa huku kwetu hajui jembe! Huyo alinyonyeshwa dizeli!

Benchi zima likalipuka. Trela naye akacheka ili asijulikane.

— Tusimcheke, alisema Bunge, akijiweka sawa kama anayeombwa kuhutubia. Tumsaidie. Kwanza, udongo wa hapo ukoje?

— Laini. Matuta yapo tayari. Mke wake ndiye alikuwa anailima hiyo bustani, sasa mgonjwa.

— Laini wa juu huo! Chini kuna mawe. Andika sururu.

— Sururu kwenye mchicha? alishangaa Mzee Sindayigaya.

— Mzee, mchicha una mizizi. Mizizi inataka njia. Sururu, halafu beleshi la kutolea mawe, halafu toroli la kuyabebea.

— Na reki, alidakia Spoku.

— Reki ya nini? Akishatoa mawe yote, anasawazisha nini tena?

— Sasa ngoja nikwambie, alisema Spoku. Hayo ya dukani yote ni bati, yanapinda. Mwambie huyo rafiki yako aje kwangu. Nachukua uma wa mbele wa baiskeli, naunyoosha, naunoa. Naacha tairi moja na usukani. Yeye anasukuma tu, magugu yanang'oka nyuma yake. Kama dereva, atajisikia yuko kazini!

— Na breki? aliuliza Bunge.

— Breki za nini, atakuwa anakwenda wapi?

— Kwenye mteremko wa Kibimba je?

— Si umesikia yuko Biharamulo!

Bunge alisimama kabisa. Alisema jembe limepitwa na wakati, kwamba kuna watu siku hizi wanalima bila udongo, mboga zinaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

— Kwa hiyo huyo mtu kifaa chake cha kwanza ni simu. Cha pili ni kamba. Udongo auache upumzike!

— Na maji anamwagilia wapi? aliuliza Mzee Sindayigaya.

— Hewani, mzee. Ndiyo nakwambia, hewani.

Trela alikuwa ametegea sikio kila neno, akitafuta humo hata neno moja la kwenda nalo nyumbani. Hakulipata. Aliona aibu ya kutojua, na juu yake ikapanda aibu nyingine, ya kukaa hapo akimwita rafiki mtu ambaye ni yeye mwenyewe.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama kando na baiskeli, anasubiri. Alikuwa Nyamizi, mkulima wa Nyabusozi, aliyekuja kumwona mwanawe aliyeolewa hapa Bugarama.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsante. Nilikuja kuzibisha mpira, nikaona mna kikao. Alimgeukia Trela. Samahani, baba. Si umesema mke wa huyo mtu ndiye alikuwa analima hapo?

— Ndiyo.

— Yeye alikuwa anatumia nini?

— Jembe, alijibu Bunge haraka.

— Jembe gani? La namna gani?

Bunge aligeuka. Akamtazama Spoku.

— Mke wangu, mama Ntwari, ana kitu fulani pale nyumbani, alisema Spoku taratibu. Huwa anakishika hivi... Akapima hewani kwa viganja, akapunguza, akaongeza, kisha akaishusha mikono mapajani. Sijawahi kukitazama.

— Mimi mboga nazionaga zikishafika kwenye sahani, alisema Mzee Sindayigaya, akainamia jiko kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Hakuna aliyecheka. Nyamizi alisubiri jibu bila ubaya wowote usoni, na kule kusubiri kwake kwa adabu ndiko kulikowachoma. Trela alitoa mikono mifukoni, akaiweka magotini, malengelenge juu.

— Hakuna rafiki, alisema. Ni mimi. Nimevimaliza vitunguu vya mama Irine.

Spoku aliitazama ile mikono, kisha akaokota spana yake chini.

— Trela, ile ya dizeli...

— Acha tu.

Trela akainuka, akaenda nyumbani.

Deodata alikuwa amekaa mkekani mlangoni pa jiko, anachambua maharage kwa mkono mmoja. Trela alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini.

— Mama Irine. Kwenye vitunguu, huwa unapalilia na nini?

Deodata aliacha maharage. Akaonyesha kwa kidevu juu, kwenye nyasi za paa la jiko. Trela akapapasa, akachomoa kijembe kifupi, mpini umeng'aa kwa kushikwa, chuma chake hakizidi kiganja cha mtoto.

— Hiki ulikinunua wapi? Sijaona vidogo namna hii madukani.

— Hakiuzwi. Hilo ni lile jembe ulilonipa tulipooana.

— Lile lilikuwa kubwa.

— Lilikuwa kubwa kama hilo ulilotumia jana. Limelika.

Trela alikigeuza kile chuma mkononi. Sehemu yote iliyokosekana ilikuwa imebaki humo bustanini, katika matuta ambayo yeye alikuwa akiyapita akitoka safari na kuyapita akienda safari.

— Twende nikuonyeshe, alisema Deodata, akijiinua na hogo lake. Wakafika kwenye tuta lililosalia, akamwambia: Usisimame. Mtu aliyesimama haoni gugu wala kitunguu. Chuchumaa.

Trela alichuchumaa, magoti yakalia. Alishukuru kwamba kazi yenyewe inamtaka mtu ainamishe uso.