Siri Aliyobaki Nayo Bi Subiri

Benchi la kwa Bi Subiri, pale kona ya mtaa wa mafundi, lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi linabeba watu wale wale. Kuna Kinyozi, ambaye hajui kunong'ona. Kuna Dishi, mfunga antena, ambaye ukimuuliza njia atakueleza habari za satelaiti. Na kuna Fundi Saa, aliyefiwa na mkewe mwaka jana na tangu hapo anawahi kuliko wote, maana nyumbani kimya kimezidi. Bi Subiri mwenyewe, kabla ya kuuza kahawa, alikuwa opereta wa simu. "Subiri, nakuunganisha": ndilo neno lililompa jina.

— Hii simu inanisikiliza, alianza Kinyozi. Jana nimemwambia mteja ana upara, leo naletewa mimi tangazo la dawa ya nywele!

— Sikio liko kwenye betri, alisema Dishi. Hata ukizima, linasikia.

— Nikiitoa hiyo betri?

— Umeshaishika. Jasho lako limeshasema yote.

— Si wanasema ujumbe siku hizi unafungwa, hata wenye kampuni hawausomi?

— Hawausomi, lakini wanajua umemwandikia nani na saa ngapi. Wanakusanya habari za mtaa mzima, kompyuta inajumlisha, wanajua nani atagombana na mkewe Ijumaa.

— Mimi wasijisumbue. Ni kila Ijumaa.

Walicheka. Bi Subiri akatikisa kichwa.

— Zamani hamkuwa na shida hizo. Sikio lilikuwa moja tu, langu.

Fundi Saa hakucheka. Alikikumbuka kile kibanda cha simu ambacho mlango wake haukufungika, foleni nzima nyuma yake ikitega masikio, naye akimposa binti wa watu kwa sauti ya mnadani. Binti alijibu, "Nimesikia. Nipe mpaka kesho." Kesho yake alikubali. Jinsi alivyoitamani siku ile irudi, hata na aibu yake yote!

— Bi Subiri, alisema. Siku ile nilipomposa mama watoto, baada ya mimi kukata, yeye hakukata.

— Hakukata.

— Alikuomba umuunganishe na dada yake.

— Nikamuunganisha.

— Alimwambia nini?

Hapo hata Kinyozi alishusha kikombe. Mtaa mzima ulijua kwamba kabla ya Fundi Saa kulikuwa na mwalimu mmoja, na kwamba mwalimu alioa kwingine. Fundi Saa alizeeka na swali hilo: alipendwa, au alikubaliwa tu kwa kuwa yule ameondoka? Dada mtu naye alishafariki. Aliyebaki na maneno yale ni huyu mshika birika.

— Unayakumbuka?

— Neno kwa neno.

— Mwambie basi, bi mkubwa! alidakia Dishi. Marehemu hashtaki.

— Mimi ningeshasema siku ile ile, alisema Kinyozi.

— Ndiyo maana hawakukuajiri wewe.

Kisha Bi Subiri akamgeukia Fundi Saa, taratibu, kwa huruma.

— Kaka yangu, simu ya kwanza ilikuwa yako na yake. Ya pili haikuwa yako.

— Mimi ni mumewe!

— Siku hiyo ulikuwa bado.

Fundi Saa alikasirika. Pembeni alisimama mama mmoja mgeni, aliyekuja kuchukua saa yake ya mkononi aliyoiacha itengenezwe, akakuta mazungumzo yamekolea.

— Samahani, mzee wangu, alisema mama yule. Umeishi naye miaka yote hiyo. Wewe mwenyewe hukuwahi kumuuliza?

Fundi Saa hakuwahi kumuuliza. Aliogopa, hilo tu. Kila jioni yeye na mkewe waliketi meza moja, na kila jioni aliogopa.

Bi Subiri aliinamisha birika, yakatoka machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, akamsogezea Fundi Saa kikombe alichokuwa amejimiminia yeye, ambacho alikuwa hajakigusa.