Kosa la Ratiba Lililodumu Miaka Ishirini na Miwili

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa maarifa ya nyumbani na mazoezi ya viungo anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Alistahili kupumzika baada ya thelathini na mmoja. Hiyo miwili ya ziada nitaieleza, maana imetuuma wengi.

Wanafunzi humwita Bi. Filimbi, kwa kuwa huvaa aproni na filimbi kwa pamoja na hakuna aliyewahi kumwona na kimoja bila kingine. Alipoajiriwa aliambiwa atawafundisha wasichana kupika na kushona, na kwamba mwalimu wa michezo yuko njiani. Huyo wa njiani hakufika. Bi. Filimbi akaongezewa wavulana wa uwanjani, kwa muda tu, walivyosema.

Miaka ishirini na miwili iliyopita mimi, mwalimu wa hesabu, nilikabidhiwa kutunga ratiba ya shule kwa mara ya kwanza. Nilimpanga Alhamisi, vipindi viwili vya kwanza, chumba cha mapishi na wasichana thelathini na mmoja. Na saa ileile nikampanga uwanjani na wavulana thelathini na watatu. Alikuja ofisi ya walimu, akaitandaza ratiba mezani kwangu, akasema kwa upole, "Mwalimu wa hesabu, hebu nihesabie. Hapa mimi niko wangapi?" Ofisi nzima ilicheka, nami nikaahidi kurekebisha Jumatatu.

Jumatatu alinikataza kuirekebisha. Alhamisi hiyo alikuwa amewachukua wote sitini na wanne kwa pamoja, wavulana na wasichana. Dakika kumi na tano za kukanda mkate. Dakika arobaini za donge kuumuka chini ya kitambaa kibichi, darasa zima likiwa uwanjani. Ishirini na tano za kuoka na kuosha vyombo. Jumla themanini, vipindi viwili kamili, bila hata dakika moja ya kupotea. Kosa langu likabaki kwenye ratiba, na limo hadi leo.

Si kila mtu alifurahi. Baba mmoja alikuja juu, akidai mwanawe ameletwa kusoma, si kukanda unga. Bi. Filimbi alimsikiliza, kisha akamwita kijana na kumwonyesha koti la baba yake, lililokuwa limepungukiwa kitufe. Baba hakuwa amemaliza kulalamika kitufe kilipokuwa kimeshashonwa. Nasikia kitufe kile kimedumu kuliko koti lenyewe.

Donge limewahi kumwagika mezani siku moja tu. Ilikuwa siku ya mbio za kupokezana vijiti: timu mbili zilitoka sare, naye Bi. Filimbi sare haijui. Walirudia mara tatu. Mkate wa siku hiyo ulikuwa mchachu na bapa kama soli ya kiatu, na wote sitini na wanne waliula, akiwa amesimama mlangoni.

Sasa lile la miaka miwili. Alipotimiza umri wa kustaafu, wakubwa wa elimu walituambia hakuna wa kushika nafasi yake. Akiondoka, vipindi vyake vinane kwa wiki vitagawiwa masomo ya mitihani, kwani haya yake ni ya kupumzikia. Mimi niliingia shule hii nikiwa mfagiaji wa maabara, nikajisomesha jioni hadi ualimu, na sijawahi kuona kazi ya mikono ikiwa ya kupumzikia. Tena vipindi vinne kati ya hivyo vingekuja kwangu. Sikuvitaka.

Basi akabaki, goti limevimba. Daktari alimwambia aache kukimbia mbele ya wanafunzi. Akaacha, akawa anakimbia nyuma ya wa mwisho. Sisi tuliwaandikia wakubwa hao barua tano kuomba walimu. Ya kwanza ilikuwa na saini tisa, ya tano arobaini na moja, pamoja na ya yule baba wa koti.

Mwezi wa tisa jibu lilifika. Nililisoma mara tatu nikitafuta kasoro, sikuiona. Vipindi vinane vinabaki, na wanakuja walimu wawili: kijana wa kiume wa maarifa ya nyumbani na dada wa mazoezi. Tumeomba mtu wa pili zaidi ya miaka thelathini, naye amepatikana wakati yule wa kwanza anaondoka. Lakini leo sitanuna. Nimeshusha pumzi.

Wageni hao walipoiona ratiba waliniomba niisahihishe, kila mmoja awe na darasa lake. Bi. Filimbi aliwaambia, "Jaribuni wiki mbili tu, wanangu. Mkitaka kugawana baada ya hapo, gawaneni, mimi sitakuwepo." Wiki mbili zilipoisha walirudi kwangu na ombi moja: meza kubwa zaidi ya kukandia.

Alhamisi iliyopita nilimkuta Bi. Filimbi kwenye benchi la uwanjani, mguu ameunyoosha juu ya kiti. Darasa lilikuwa likikimbia. Ilipofika dakika ya thelathini na nane ya donge kuumuka, aligeuka kulitazama dirisha la chumba cha mapishi, akashika ukingo wa benchi ainuke. Wakati huohuo yule dada akawaita wanafunzi wake, nao wakaelekea ndani kunawa mikono, wanasukumana kidogo kama kawaida. Bi. Filimbi akauachia ukingo. Akajimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akainywa yote ingali moto.

Mwalimu wetu, ahsante kwa kila aliyetoka mikononi mwako akijua kujilisha, kujishonea na kupanda ngazi bila kuhema. Tunakuombea goti lipone na asubuhi zako ziwe ndefu na tulivu. Hapa karibu wakati wowote, ila uje kama mgeni: ukae, upakuliwe.