Hujairudisha, Huna: Maisha ya Ghattas Shahada Mikael, 1957–2024

Kila siku ya kazi, saa tisa na nusu alasiri, baba yetu alitoa kanda ya siku hiyo kwenye mashine, akaiandika tarehe, akaizungushia taulo na kuitia katika mfuko wa mkate. Wenzake walimngoja mlangoni.

"Baba Lamia, leo umebeba mkate au kampuni?"

"Vyote viwili. Ila mkate usiukalie."

Kisha alipanda basi la Madaba, na nakala ya kumbukumbu zote za kampuni ikalala kabatini kwetu, chini ya mablanketi ya baridi.

Marehemu alizaliwa hapa Madaba tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani Shahada Mikael. Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1975. Mbuzi wa jirani alipokula daftari lake la hesabu, aliandika upya madaftari mawili, na moja akamwachia shangazi yake. Mwaka 1978 alipata stashahada ya elektroniki Amman, mji mkuu wetu.

Tarehe 2 Mei 1981 aliajiriwa na kampuni ya bima huko Amman, akawa mtunza kompyuta zake kwa karibu miaka thelathini na miwili. Aliandika mpango wa kurejesha kumbukumbu likitokea janga: nani apigiwe simu, mashine ipi iwashwe kwanza. Namba moja aliweka vibali vya matibabu, kwa sababu mgonjwa wa figo hangoji. Kila Alhamisi alichukua kanda moja na kujaribu kuirudisha yote. Aliwaambia vijana wa ofisi, "Hujairudisha, huna."

Tarehe 7 Septemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, Wadad Iskandar. Msimamizi wa ndoa, aliyewashikia mataji kanisani, alikuwa mfanyakazi mwenzake, Bwana Raji Qamar. Baadaye Bwana Raji akawa mkurugenzi. Leo yupo nasi, mstari wa mbele.

Mwaka 2004 kampuni iliamua nakala zote zikae katika chumba cha chini ya jengo, ndani ya kabati la chuma kando ya mashine zenyewe. Baba alikwenda kwa mkurugenzi. Alitusimulia mazungumzo yale mara nyingi.

"Raji, maji yakiingia yatachagua?"

"Wewe endelea kubeba yako nyumbani, ndugu yangu."

"Basi niandikie karatasi."

"Mimi nikuandikie? Nilikushikia taji, leo unataka nikupigie muhuri?"

Baba aliona haya. Kwetu, kumdai karatasi msimamizi wa ndoa yako ni kumwita mwongo mbele ya watoto wake. Hakuomba tena.

Tarehe 9 Januari 2013 mvua ilijaza chumba kile hadi darini. Mashine na kabati la chuma vilizama pamoja. Baba alifika na mfuko wake wa mkate, akaazima mashine, na baada ya siku tatu vibali vya wagonjwa vilikuwa vikitoka kama kawaida. Wiki ya sita wakaguzi waliuliza kumbukumbu za wateja zilikuwa zikifanya nini katika nyumba ya mtu Madaba. Bwana Raji aliwajibu, "Sikujua." Tarehe 3 Machi Baba alipewa barua ya kufukuzwa kwa kukosa uaminifu.

Sisemi haya kwa kupunguza heshima ya msiba. Nayasema kwa sababu shada la kampuni lililopo mlangoni limeandikwa "Kwa mfanyakazi wetu mwaminifu", na barua ile bado imo katika faili lake. Maandishi hayo hayawezi kuwa ya kweli yote mawili. Familia haitaki maua. Inataka barua ifutwe, kwa maandishi yenye muhuri, kabla ya misa ya arobaini.

Mwaka 2019 figo zake zilishindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu, kwa kibali kilichotoka katika kumbukumbu alizoziokoa mwenyewe. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Wadad. Watoto wawili, mimi Lamia na mdogo wangu Shahada. Mjukuu mmoja, Mariana. Na dada yake, Nazha. Mungu amlaze pasipo mafuriko wala maswali ya wakaguzi, na apumzike kwa amani aliyonyimwa.

Wiki yake ya mwisho nilimuuliza swali moja ambalo kwa miaka kumi na moja sikuthubutu kuliuliza: wewe uliyejaribu kila kanda kabla ya kuiamini, kwa nini neno la Raji hukulijaribu?

Alisema, "Nilimpenda."