Daktari Alivyofumba Macho

Kijiji cha Kiptere kimezungukwa na chai kila upande, lakini kwenye benchi la Winny watu hunywa kahawa. Ukiwauliza, watakwambia mtu hawezi kushinda akichuma kitu halafu akakinywe tena. Leo kikombe cha Kipkoech kimejazwa, kimewekwa mahali pake, na hakuna aliyekigusa. Jana alikuwa akipogoa chai yake hapo nyuma ya benchi, panga likamteleza likampasua paja, na mpaka sasa habari za hospitali hazijafika. Aliyemshika jeraha ni Onchiri, ambaye hapa huitwa Daktari kwa kejeli, maana kuku akichinjwa yeye huhamia kwa jirani. Leo kejeli imewaishia, wanamtazama kama askofu. Yeye anatazama kile kikombe tu.

— Daktari, nakuvulia kofia, alisema Ogoti, aitwaye Spika kwa ukubwa wa sauti. Hiyo damu ilikuwa inaruka! Lakini tuseme ukweli, ilisimama juu ya baridi ya huku. Ingekuwa Kisumu, saa hii tunapanga mazishi.

— Baridi gani! alidakia Kipkurui, aitwaye Mursik kwa kuwa kila ugonjwa huutibu kwa mursik, maziwa ya kibuyu. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Ya Kipkoech, na vile anakunywa mursik, ni nzito kuliko uji!

— Mimi nilikimbia na kopo la kahawa nimwagie kwa kidonda, alisema Winny. Daktari akanifukuza!

— Na akakataa kufungua tuone, Spika aliongeza. Mficha maradhi kifo humuumbua!

Onchiri alikumbuka zile sauti zao juu ya kichwa chake: fungua kidogo, fungua kidogo. Alikuwa amekunja sweta lake, akaliweka juu ya jeraha na kulikandamiza kwa mikono miwili na uzito wake wote. Damu ilipopenya, aliomba leso ya Winny, akaiweka juu ya sweta bila kuliondoa, akaendelea kukandamiza. Hata kwenye pikapu hakuachilia, mpaka nesi alipombandua vidole kimoja kimoja.

— Lakini ulisomea wapi? aliuliza Mursik.

— Walitufundisha siku moja kule kiwanda cha chai. Kandamiza, usifunue. Hiyo ya kutofunua ilikuwa rahisi, nilikuwa nimefunga macho.

— Ati nini?

— Ningeona ile damu, ningeanguka. Si mngekuwa na wagonjwa wawili?

— Sasa nimeelewa, alisema Spika taratibu. Damu ikikosa mtu wa kuiangalia, inachoka kutoka.

Kabla hawajamcheka, Chepkemboi, mke wa Kipkoech, alitokea barabarani na nguo za jana. Spika ndiye aliyemuuliza, kwa sauti ya chini ambayo hawakujua anayo.

— Shemeji...?

— Amekunywa chai. Ameitisha ingine.

Onchiri alilia pale pale, machozi ya furaha, bila kujificha. Chepkemboi aliishika mikono yake, akashindwa kuiachilia.

— Nesi ameniambia ni hii mikono. Mungu akubariki, Daktari.

Kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa na utani. Kisha Chepkemboi akawageukia wengine.

— Na siku ni yeye amekatwa, nani atamshika?

Winny alisukuma kopo la kahawa chini ya meza. Mursik akavua koti, akalikunja na kuliweka juu ya paja la Spika.

— Daktari, kuja unionyeshe.

Onchiri alipanga mikono ya Mursik mmoja juu ya mwingine, akamnyoosha viwiko.

— Weka uzito wote. Ikilowa, ongeza nguo juu. Na huku mwingine anatafuta gari.

Mursik alikandamiza mpaka jasho likamtoka. Winny alisogea kutazama. Spika, mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Fungua kidogo, nione kama nimepona.

— Usifunue! walimfokea wote kwa pamoja.