Zamu ya Kuumwa
Risala ya Wazee wa Benchi la Zahanati

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu, shikamoo hatukupi maana una umri wa wajukuu zetu, ila heshima yako iko pale pale. Karibu. Umekalia kiti pekee kisichochechemea.

Historia
Kikundi chetu kilizaliwa kwenye foleni ya presha. Nyumbani tunaulizwa mawili tu: tumekula, na rimoti tumeiweka wapi. Hapa muuguzi alituuliza, “Unajisikiaje, mzee?” Tukanogewa. Ilipotangazwa kuwa benchi ni la wagonjwa tu, tukapanga zamu: kila Jumanne mmoja anaumwa, saba tunamsindikiza.

Mafanikio
Miaka miwili tumeumwa kwa nidhamu. Bibi Mshonaji aliumwa kiuno kwa ustadi hata aliyevunjika mguu akampisha.

Changamoto
Fundi Saa alifiwa na mkewe. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yake, ugonjwa goti. Alipoingia akasahau goti, akamwambia muuguzi, “Binti, sioni sababu ya kuamka asubuhi.” Muuguzi, mwenye watu arobaini mlangoni, akampa dawa ya kuchua. Alitoka akatusimulia, nasi tukadhani anatia chumvi kama kawaida yetu. Tulicheka hadi benchi likatikisika.

Toka siku hiyo, wiki tisa, hajasema neno. Saa zote ukutani kwake zimesimama. Wanawe wanasema ni uzee tu. Hata sisi, mabingwa wa kuumwa, hatukujua kuwa huo nao ni ugonjwa.

Maombi
Tunaomba mtu wa kutusikiliza kila Jumanne, mwenye mlango unaofungika na asiyetazama foleni. Dawa ya kuchua tunayo. Inatosha kulainisha treni.

La mwisho, mgeni rasmi: anayekusomea ndiye Fundi Saa. Tulimwambia macho yetu sisi saba yameharibika siku moja. Akatutazama kama watu waongo, akaichukua karatasi. Tumeiandika ndefu makusudi, aizoee tena sauti yake. Akimaliza, tusipige makofi kwanza. Muulize anajisikiaje, kisha ungoje jibu. Saa zake zimesimama, hakuna anayekuharakisha.

Mungu akujalie uzee mrefu, na ndani yake usikose wa kukuuliza.

Ni sisi,
Wazee wa Benchi la Zahanati, leo sote wazima isipokuwa mmoja, na huyo si mgonjwa wa zamu.