Karani Aliyeongeza Safu Daftarini

Wasikilizaji wapendwa, leo tumzungumzie karani. Karani wa mapokezi hospitalini, si daktari. Wenzake walimwita Mdadisi, na jina lilimkaa. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Daftari lake lilikuwa na safu tano: jina, umri, makazi, ugonjwa, saa ya kufika. Wiki moja ya joto kali, watu wakaanza kuletwa. Huyu kazimia. Yule presha. Mwingine anatapika. Kila ugonjwa uliandikwa kivyake. Mdadisi akachukua rula, akachora safu ya sita kwa kalamu nyekundu: "Ulikuwa wapi ulipozidiwa?"

Muuguzi akamcheka. "Dada, wewe unapenda umbea tu!"

"Umbea nao ni habari," akajibu, akaendelea kuuliza.

Siku ya tatu akahesabu. Wagonjwa kumi na wanne. Tisa walitoka mahali pamoja. Narudia, tisa! Wote ghorofa ya juu ya kiwanda cha kushona nguo, chini ya bati. Na pale ndipo alipofanya kazi mdogo wake wa kike. Moyo ukamlipuka. Akampigia simu afisa wa afya.

"Wewe ni karani," akaambiwa. "Subiri ripoti ya mwezi."

Mwezi? Hakusubiri hata chai ipoe. Akabeba kipimajoto, akapanda ngazi za kile kiwanda. Saa nne asubuhi, nyuzi arobaini na mbili, ndani ya chumba! Mafundi sitini, madirisha yamefungwa ili vumbi lisichafue vitambaa.

Akamshika mdogo wake mkono. "Twende."

"Nikitoka peke yangu, kesho sina kazi."

Msimamizi naye akasema kazi haisimami. Mdadisi hakugombana. Akavuta viti viwili katikati ya vyerehani. "Basi kaa nami hapa, kaka. Ofisini kwako kuna feni. Huku hakuna."

Bwana yule akakaa, apate kumwaibisha Mdadisi kwa kuonyesha kwamba joto lile linavumilika. Dakika kumi, akalegeza tai. Dakika ishirini, anashika meza, kichwa kinamzunguka. "Shukeni," akasema. "Shukeni wote!"

Mdogo wake Mdadisi ametusimulia: "Mikono ilikuwa inatetemeka, sindano siioni tena. Nilimwonea aibu dada yangu mbele za watu. Saa moja zaidi, nisingekuwa naongea nanyi leo."

Jamani! Rula na kalamu nyekundu! Siku iliyofuata madirisha yalifunguliwa, na kutoka ghorofa ile hakuletwa mgonjwa hata mmoja. Na leo safu ya sita huchapishwa kabisa kwenye madaftari ya hospitali ile, na joto likipanda husomwa kila asubuhi.

Kwa mdogo wake, wanawe na wajukuu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Wasikilizaji wapendwa, mafundi sitini walirudi nyumbani siku ile kwa miguu yao wenyewe. Wengi hawajui hadi leo kwamba yule mama mwenye kipimajoto alikuwa karani tu, na hakutumwa na mtu. Kama ulikuwa mmoja wao na unanisikia, zima cherehani kidogo, umwombee.